Shajara ya baiskeli ya chali: shingo, uma na hendeli

Baiskeli ninayotengeneza hapa uani kwangu Ngamiani, Tanga, ni ya chali. Anayeiendesha huegemea kiti chenye mgongo, miguu ikatangulia mbele, na pedali ziko karibu usawa wa makalio. Gurudumu la mbele ni la inchi 20, la nyuma inchi 26, na kutoka ekseli hadi ekseli kuna sentimita 168. Nimefuata umbo refu, lile ambalo pedali zimekaa nyuma ya gurudumu la mbele, kwa sababu linajengeka kwa vyuma chakavu na miguu hufika chini bila shida.

Aina hii ni ya zamani. Julai 1933, mjini Paris, Francis Faure alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja juu ya chali iliyobuniwa na Charles Mochet, akavunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, likaweka masharti mapya ya umbo la baiskeli ya mashindano na za chali zikatupwa nje. Ndiyo maana baiskeli ya kawaida ya Phoenix unaikuta kila kijiji, vipimo vyake vimeshapikwa na kupikika, lakini ukitaka kujua shingo ya chali ilale kiasi gani, huna wa kumwiga mtaani. Shajara hii inahusu zaidi jambo hilo: shingo, uma na hendeli. Mengine nitayapita.

18 Januari: fremu

Uti wa mgongo ni bomba la mraba la 40 kwa 40, unene milimita 2. Sehemu ya nyuma nimeikata kwenye baiskeli ya gia ya mtumba. Shingo, yaani lile bomba fupi linalobeba uma, pamoja na uma wenyewe (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) na gurudumu la mbele, vimetoka kwenye BMX ya mtoto. Kiti ni plaiwudi na sponji. Cheni tatu zimeungwa kuwa moja na kupitishwa kwenye kapi ya plastiki.

Shingo tumeichomelea ikiwa imelala nyuzi 60 kutoka ardhini. Phoenix niliyoipima ina nyuzi 68. Sababu ya kuilaza ni hendeli: ukiufikiria mstari unaopita katikati ya shingo na kuuendeleza juu, jinsi shingo inavyolala zaidi ndivyo mstari huo unavyomfuata aliyeegemea kitini. Hili litarudi baadaye kwa nguvu.

Kwa atakayeiga: shingo iwe ya mwisho kuchomelewa, magurudumu yote mawili yakiwa yamefungwa na fremu imesimama sakafuni. Fremu hujikunja kidogo inapochomelewa, na ukianza na shingo pembe yake utaikuta imehama. Pembe nilipima kwa programu ya simu, unyoofu kwa uzi.

Fundi wa kuchomelea alipomaliza akaizunguka, akasema, "Kaka, hiki kitanda umekitia pedali." Malipo akachukua yote.

2 Februari: inatembea, ila haitaki kuanza

Ikishashika kasi ya kilomita 15 kwa saa, inakwenda kama imewekwa kwenye reli. Shida iko chini ya kilomita 8 kwa saa. Ukigeuza hendeli kidogo, gurudumu la mbele linaangukia upande huo na kuendelea kujikunja, inabidi ulivute kurudi. Ukilivuta, linaangukia upande wa pili. Kuondoka kwenye makutano ni kupepesuka mpaka watu wa bodaboda wanakupisha wenyewe.

Hapa kuna vipimo viwili vya kueleweka kabla ya kuendelea.

Cha kwanza ni treili. Ushushe mstari wa shingo mpaka ardhini, uweke alama. Kisha tafuta pale tairi linapogusa ardhi, chini kabisa ya ekseli. Umbali kati ya alama hizo mbili ndio treili, na kwa kawaida tairi hugusa nyuma ya mstari. Ndiyo hulifanya gurudumu lijinyooshe likiwa mwendoni, kama gurudumu la toroli la hospitali linavyofuata toroli. Cha pili nitakiita mwanguko: ni kiasi ambacho ekseli ya mbele inashuka hendeli inapogeuzwa kutoka kunyooka hadi robo mzunguko. Uzito wote ulio juu ya gurudumu la mbele hupenda kushuka, kwa hiyo mwanguko ukiwa mkubwa, uzito wenyewe ndio unaokugeuzia hendeli.

Kupima treili hakuhitaji chombo cha gharama. Simamisha baiskeli wima, gurudumu limenyooka. Weka ubao mnyoofu ubavuni mwa shingo, sambamba na katikati yake, mpaka uguse sakafu. Teremsha timazi kutoka ekseli. Pima kati ya pointi hizo mbili. Ukitaka kukokotoa: chukua nusu kipenyo ya gurudumu, zidisha kwa kosaini ya pembe ya shingo, toa mchomozo wa uma (jinsi ekseli ilivyosogea mbele ya mstari wa shingo), kisha gawa kwa saini ya pembe hiyo. Mwanguko ni treili mara saini mara kosaini.

Gurudumu langu lina nusu kipenyo ya milimita 250 na uma wa BMX una mchomozo wa 35. Kwa nyuzi 60 treili ni milimita 104, mwanguko 45. Ile Phoenix ina nusu kipenyo 355, nyuzi 68, mchomozo 76: treili 61, mwanguko 21. Yangu inaanguka zaidi ya mara mbili. Uma wa BMX ulichorwa kwa shingo iliyosimama, na kwenye shingo iliyolala mchomozo wake hautoshi.

15 Februari: vibati vyenye matundu

Njia mbili zilikuwepo: kukata shingo na kuisimamisha, au kuongeza mchomozo wa uma. Kabla ya kukata kitu nilitaka kujaribu kwa bei ndogo.

Nilikata vibati viwili vya chuma cha milimita 5, kila kimoja na matundu manne ya ekseli, nikavifunga kwenye ncha za uma kwa bolti mbili za M8 kila upande. Tundu la kwanza linabaki na mchomozo wa asili, 35. Yanayofuata yanatoa 50, 65 na 80. Treili inashuka hivi: 104, 87, 69, 52. Mwanguko: 45, 37.5, 30, 22.5.

Tahadhari mbili. Bolti moja kila upande haitoshi, kwa sababu kibati kitazunguka siku utakayopiga shimo. Na breki ya mbele ya kubana rimu haifanyi kazi tena, maana rimu imesogea na viatu vya breki vimebaki pale pale. Majaribio yote ya matundu yalifanyika kwa breki ya nyuma peke yake, asubuhi mapema, barabara ya kuelekea Raskazoni kabla magari hayajaamka.

1 Machi: matundu yamesema nini

Tundu la 50 lilipunguza tatizo bila kuliondoa. La 65 ndilo la kwanza ambalo ningeweza kumpa mtu mwingine aendeshe. La 80 liliondoa kabisa ule mwanguko wa kuanzia: hendeli unaiacha inyooke yenyewe hata ukienda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu.

Lakini kwa tundu la 80, mwendo ukipita kilomita 25 kwa saa, ikaanza kuyumba polepole kushoto na kulia, na yumba hiyo inafuata mikanyago ya pedali. Ukiacha kukanyaga, inatulia. Kwa tundu la 35 yumba hii haikuwepo, au ilifichwa na treili kubwa.

Mpwa wangu, anayeendesha Phoenix tangu akiwa mdogo, alijaribu akasema, "Mjomba, hii mikono ndiyo inaiyumbisha, si barabara." Nilimpa soda. Alikuwa amelenga.

16 Machi: kwa nini vipimo vya Phoenix havikutosha

Kwa tundu la 80 nina mwanguko wa 22.5 na treili ya 52. Phoenix ina 21 na 61. Kwenye karatasi hizi ni ndugu. Barabarani hazifanani hata kidogo, na nimekaa na jambo hili mpaka likafunguka.

Kwanza, kimo. Kitovu cha uzito wangu na baiskeli kiko kama sentimita 75 kutoka ardhini, wakati juu ya Phoenix kiko karibu sentimita 105. Kilicho kifupi huanguka haraka. Hesabu inatoa kama asilimia 18 haraka zaidi, kwa hiyo masahihisho ya hendeli lazima yaje mapema kwa kiasi hicho.

Pili, mwili. Juu ya Phoenix nusu ya kazi ya kusawazisha hufanywa na kiuno bila mwenyewe kujua. Kwenye chali mgongo umebanwa na kiti. Kilichobaki ni hendeli peke yake.

Tatu, urefu. Ili kukata kona ile ile, baiskeli ya sentimita 168 inahitaji gurudumu ligeuzwe kama mara moja na nusu kuliko Phoenix ya sentimita 115.

Nne, na hili ndilo kubwa: vishikio vyangu vilikuwa sentimita 52 nyuma ya mstari wa shingo. Hendeli ya namna hiyo hugeuka kama kana, ule mpini wa usukani wa jahazi. Ili kugeuza nyuzi 10 tu, mikono lazima ihame sentimita 9 kwenda upande. Kwa kona kali ya nyuzi 35 inahama sentimita 30 na kugonga goti. Na kila nikikanyaga kwa nguvu, mabega yanasogea kidogo, mikono inasogea nayo, na hendeli inageuka bila mimi kuamua.

Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo Arend Schwab wa chuo cha Delft, Uholanzi, na Andy Ruina wa chuo cha Cornell, Marekani, walionyesha baiskeli ndogo ya majaribio isiyo na mtu iliyojisawazisha yenyewe ingawa tairi la mbele liligusa ardhi kidogo mbele ya mstari wa shingo, na nguvu ya mzunguko wa magurudumu ilikuwa imefutwa kwa magurudumu mengine yanayozunguka kinyume. Kilichoisaidia zaidi ni namna uzito ulivyopangwa mbele. Wengi tunaitafuta treili kama vile ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Kumbe ni kipimo kimoja tu kati ya vingi.

Hapa wazo la kuikata shingo na kuisimamisha nyuzi 72 likafa. Ni kweli, kwa uma ule ule wa BMX lingenipa treili ya 44 na mwanguko wa 13. Lakini shingo ikisimama, mstari wake unamkimbia dereva. Kwa mlingoti wa hendeli unaopanda wima sentimita 70, mstari wa nyuzi 60 unarudi nyuma sentimita 40, wa nyuzi 72 unarudi 23 tu. Kana yangu, yaani umbali wa vishikio nyuma ya mstari, ingeongezeka sentimita 17 juu ya zile 52. Kwa hiyo shingo ibaki imelala, mwanguko upunguzwe kwa uma.

5 Aprili: hendeli chini ya kiti, imeshindikana

Nilijaribu kuikwepa kana kabisa. Hendeli ikawekwa chini ya kiti, mikono ikining'inia ubavuni, na fimbo ya chuma ikaunganisha hendeli na uma kwa viungo vya gololi vya fimbo ya gia ya gari dogo, vya mtumba. Kwa starehe hakuna mfano. Mabega yanalala.

Barabarani haikufaa. Vile viungo vilikuwa vinacheza, vyote viwili pamoja kama milimita 2. Mkono wa uma unaovutwa na fimbo una urefu wa milimita 60, hivyo milimita 2 ni karibu nyuzi 2 ambazo gurudumu linafanya litakalo kabla mkono haujalifikia. Na nyuzi 2 ndipo masahihisho yote ya kwenda moja kwa moja yanapofanyika. Nilikuwa nikichelewa kila mara, kisha nikizidisha.

Kurefusha mkono wa uma hadi milimita 100 kungepunguza uchezaji hadi kama nyuzi 1.1, lakini mkono huo ungegonga bomba kwenye kona. Viungo vipya vya viwandani visivyocheza vipo, ila bei yake ingenunua baiskeli nyingine. Nimevua vyote. Shilingi 24,000 zimekwenda.

27 Aprili: mlingoti mrefu, na uzito mbele

Badala ya vishikio kurudi nyuma kumfuata dereva, sasa mlingoti unapanda juu kwa kufuata mstari wa shingo, na vishikio vinarudi kidogo tu. Kutoka sentimita 52 imeshuka hadi 31. Nyuzi 10 sasa ni sentimita 5 za mkono. Magoti yanapita chini ya hendeli. Ile yumba ya kukanyaga imepungua sana kwa badiliko hili moja, kuliko kwa matundu yote manne. Ningeanza upya leo, hendeli ingekuwa ya kwanza kuchorwa na shingo ya pili.

Masika yakaleta tatizo jingine. Mchanga unaoletwa na mvua kwenye kona ulikuwa unalitelezesha gurudumu la mbele, hata kwa mwendo mdogo. Niliweka mizani ya watu chini ya gurudumu hilo, la nyuma likiwa juu ya ubao wa kimo kile kile, nikakaa kitini. Mimi na baiskeli ni kilo 89. Mbele kulikuwa na kilo 27, asilimia 30.

Kiti na pedali vimesogezwa mbele sentimita 10 kwa pamoja. Mizani sasa inasoma kilo 31, asilimia 35. Utelezi haujaisha, lakini sasa unakupa taarifa kabla ya kukuangusha. Gharama yake ni kwamba ncha ya kiatu iligusa tairi kwenye kona kali. Nimebadilisha krenki, ile mikono inayobeba pedali, za milimita 170 kwa za baiskeli ya mtoto, 152, na mgongano umekwisha. Magoti nayo hayapandi sana, jambo ambalo hendeli imelipenda.

Kumbuka kitu kimoja: mwanguko hufanya kazi kwa uzito ulio juu yake. Baada ya kuongeza kilo hizo nne, tundu la 65 ambalo Machi lilivumilika sasa linavuta hendeli tena unapoondoka. La 80 limebaki kuwa sawa. Anayesogeza kiti arudi apime mwendo wa polepole upya.

18 Mei: uma wa kudumu

Vibati vya matundu ni vya majaribio, sivyo vya kuendea kazini. Fundi alipendekeza tuikunje miguu ya uma wa BMX kwa baridi ili ekseli isogee mbele. Nilikataa, chuma kilichokunjwa pale ndipo kitakapopasuka, na uma ukikatika hakuna wa kukuokoa.

Suluhisho lilikuwa limelala kwenye rundo la chakavu: uma wa Phoenix. Mchomozo wake ni 76, na wote umo kwenye mkunjo wa chini. Juu miguu imenyooka. Kwa hiyo tumekata kipande cha kutosha gurudumu dogo kutoka sehemu iliyonyooka, karibu na taji, pale miguu inapokutana juu, tukaingiza bomba la ndani kwenye kila mguu na kuunga kwa shaba. Mchomozo haukuguswa. Treili ni 57, mwanguko 24.5.

Mambo matatu yalichukua muda kuliko nilivyotarajia. Mikato ya parafujo kwenye shina la uma wa Phoenix haikukubaliana na nati za BMX, hivyo ukiuchukua uma chukua na vikombe, gololi na nati zake vyote. Nafasi kati ya ncha za uma ilikuwa nyembamba kwa habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya BMX. Tumeipanua milimita chache kwa parafujo na nati, polepole, pande zote mbili sawa. Na vile vinundu vya kufungia breki ilibidi vichomelewe upya kufuata rimu ilipo sasa. Breki ya fimbo ya Phoenix haikai kwenye rimu hii.

Kabla ya kuipanda, uma ulilazwa, ncha zikafungwa, na watu wawili wakasimama juu yake. Haukupinda.

8 Juni: kusi

Sasa upepo wa kusi umeshika, na barabara ya Raskazoni inaupokea ubavuni. Hapa chali ina faida na hasara. Upepo wa mbele hauioni. Wa ubavuni unaisukuma kidogo, na kwa kuwa gurudumu la mbele sasa lina uzito wa kutosha, hendeli haitikisiki. Kwa kilomita 32 kwa saa, kasi kubwa niliyofika kwenye tambarare, inakwenda imenyooka mikono ikiwa imelegea. Kuondoka kwenye makutano kunahitaji kukanyaga mkanyago wa kwanza bila kusita. Mpwa wangu aliuzoea mchana mmoja.

Kilichobaki hakijakaa sawa ni bomba la mraba. Kati ya shingo na pedali linajinyonga kidogo ninapokanyaga gia nzito, na pembe ya shingo inahama nalo. Nitaongeza bomba jembamba la pembetatu kutoka shingoni hadi chini ya kiti. Naogopa tu kwamba joto la kuchomelea litahamisha nyuzi 60 nilizozipigania, kwa hiyo shingo itafungwa kwa klempu kwenye meza ya fundi kwanza.

Gharama mpaka leo, kwa shilingi:
Baiskeli ya gia ya mtumba, 60,000
BMX ya mtoto, 35,000
Bomba la mraba, 22,000
Uma wa Phoenix na vikombe vyake, 15,000
Kuchomelea, hatua zote, 55,000
Cheni tatu, 21,000
Plaiwudi na sponji, 18,000
Viungo na fimbo ya hendeli ya chini, 24,000
Vibati na bolti, 9,000
Breki na waya, 16,000
Jumla, 275,000

Krenki fupi zilitoka kwenye ile BMX, kwa hiyo hazimo. Vibati vya matundu nimevitundika ukutani. Anayejenga yake hapa Tanga anaweza kuja kuviazima.